Seli za Sixten

Seli zilizokuwa zipandikizwe kwenye ubongo wa Sixten Ahlgren saa tano asubuhi zilikutwa zimekufa saa tatu na nusu. Kabati la joto la maabara, katika mji wa Lund, lilisoma nyuzi sitini badala ya thelathini na saba. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha mtu alipandisha joto saa tatu na dakika nne, wakati wafanyakazi wote walitakiwa wawe kwenye kahawa.

Sixten alikuwa ameishi na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, miaka kumi na miwili. Ijumaa angetimiza sabini, na utafiti wa upandikizaji huo haukupokea mtu wa umri huo. Kukuza seli nyingine ni kazi ya miezi. Inspekta Ragnhild Tufvesson alipoelezwa hayo, roho ilimuuma.

Alianza na Joakim, daktari kijana aliyekuwa hapikiki chungu kimoja na mkuu wake.

"Ulichelewa kahawa, Joakim."

"Nilikuwa naongea na mama. Simu hii hapa, angalia saa. Halafu leo Jumanne ya maandazi ya krimu, ile ya kabla ya Kwaresima, nikose? Mwaka huu wameagiza yote ya vanila kwa ajili yangu. Lozi zinanivimbisha koo."

Simu ilimtoa hatiani. Akafuata Gunvor, fundi wa maabara kwa miaka thelathini.

"Saa tatu ulikuwa kwenye kahawa?"

"Nisiwepo, niende wapi?"

"Andazi lilikuwaje?"

"Tamu. Lozi tele, kama kila mwaka."

Ragnhild alifunga daftari. "Hayakuwa na lozi, Gunvor."

Gunvor alivua koti lake la maabara. Kisha akaomba apelekwe kwa Sixten.

Mzee alikuwa kitandani, kichwa kimeshanyolewa, mkono wa kulia ukitetemeka juu ya blanketi.

"Ni mimi niliyeziua," Gunvor alimwambia. "Mume wangu Holger alipandikizwa seli kama hizi zamani. Kutetemeka kuliisha, halafu mwili ukaanza kujipinda wenyewe, mchana kutwa, miaka tisa, mpaka nikamzika. Jana nilikuona unacheka na wauguzi. Nikashindwa kuvumilia."

"Holger alionywa?" mzee aliuliza.

"Hapana. Wakati ule hakuna aliyejua."

"Mimi nilionywa," Sixten alisema. "Yote, hata hilo la kujipinda. Nikasaini. Jina langu lilinichukua robo saa kuliandika, kwa mkono huu." Aliutazama, haukutulia. "Ungeniuliza, Gunvor. Ungeniuliza tu."