Kipanya Kilichoingia Dirishani

Jioni ile, jua likizama, mjane wa Fundi Kompyuta alirudi ofisini kumalizia kazi aliyoiacha marehemu mumewe: programu ya kuchorea. Ukibonyeza kipanya, mstari uanze. Ukikiburuta, uufuate mkono. Ukikiachia, ukome. Chini ya dirisha la programu aliweka maandishi ya kumwonyesha kila kinachotendeka.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa chumba cha nyuma. Tangu msiba amekuwa mpole kupita kiasi, na mjane hakuupenda upole ule. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akainuka afunge pazia. Nyuma yake kipanya kikalia… ta.

Akageuka. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa: Kipanya kimeingia dirishani.

“Hitilafu tu,” alijinong’oneza. Akachomoa waya wa kipanya, akaushika mkononi.

Kipanya kimebonyezwa.

Mstari ukaanza kujichora, polepole, ukitetemeka. Chumba kikanuka udongo mbichi. Mstari ukazunguka, ukashuka, ukapinda pembeni… Kikombe. Kisha kikombe kikakatwa kwa mstari, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayefuta kosa.

Aliujua mtetemeko ule. Ndivyo mumewe alivyochora siku zake za mwisho, kwa ugonjwa ambao hospitali haikuuona.

“Baba watoto… ni wewe?”

Kipanya kimeachiwa.

Mlango ukalia. Shemeji akaingia taratibu.

“Pole na kazi, shemeji. Nimekuletea chai. Kaka alikuwa hafanyi kazi bila chai yangu.”

“Weka hapo.”

“Kunywa ingali moto.”

Hakuondoka. Macho yake yakaenda kwenye kioo, yakaganda hapo.

“Nani kachora?”

“Najaribu kipanya.”

Shemeji akautazama waya uliokuwa ukining’inia mkononi mwa mjane. Akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akarudi nacho chumba cha nyuma, akajifungia kwa ufunguo.

Mjane alimsimulia mama mkwe. Bibi yule akasema, “Mwanangu, usimnene vibaya nduguye mumeo bila ushahidi.”

Ushahidi hakuwa nao. Ila mpaka leo, shemeji akija kuwasalimia, mjane huwaita watoto ndani kabla hawajapokea chochote mkononi mwake.