Madoa Meusi Kwenye Shuka la Mzee Kigen

Mzee Kigen alikutwa amelala chali, macho juu, midomo imebadilika rangi. Jirani wa kitanda alishaanza kumwimbia wimbo wa matanga. Shida ni kwamba maiti yenyewe ilikuwa inatetemeka.

Inspekta Adoyo alipoingia wodini, Brenda, binti wa mzee, alimdaka mkono.

"Afande, mfunge huyu! Amempa baba sumu!"

Huyu alikuwa Chepkirui, mke mdogo wa mzee, aliyekuwa akimlisha. Konstebo alishamtia pingu. Alilia bila sauti.

"Sumu gani?"

"Tazama shuka! Unga mweusi!"

Kweli, madoa yalikuwepo. Adoyo akanusa. Uchachu. Moshi. Akamgeukia daktari.

"Dawa za saratani zimeangusha kinga yake," daktari akasema. "Bakteria wameingia kwenye damu. Wewe wangekupitia tu, yeye wanamuua. Tumempa antibiotiki. Tunangoja."

Kwenye benchi alikaa Hellen, dada mkubwa wa mzee, kajifunika shali zito mpaka kidevuni kana kwamba yuko kwenye baridi ya Timboroa. Nje jua liliwaka.

"Mama, husikii joto?" Adoyo akamuuliza.

"Uzee huo."

"Simama kidogo."

"Magoti yanauma."

"Nitakushika."

Akamwinua. Kibuyu kikachomoka kwapani, kifuniko kikaruka huko, mursik, maziwa ya mgando yenye chembe za mkaa, ikamwagikia kiatu cha konstebo.

Chepkirui akaacha kulia.

"Umempa mara ngapi?" Adoyo akamuuliza Hellen.

"Kidogo tu."

"Mama!"

"Kila nikija. Daktari alikataza uchafu, na hiki nimekisugua mwenyewe kwa mkaa wa moto! Uchafu uko wapi? Mtu ana ng'ombe kule kijijini Ziwa, hapa anapewa uji mwepesi kama mtoto! Nilitaka apate nguvu."

"Mkaa hauui bakteria wote, Mama," daktari akasema taratibu. "Wewe kunywa. Yeye bado, mpaka kinga irudi."

"Na wifi yako ukamwacha avikwe pingu?" Adoyo akauliza.

Hellen akainamisha kichwa. "Niliogopa. Nilijua nimemuua ndugu yangu."

Pingu zikafunguliwa. Brenda hakujua aangalie wapi. "Mama mdogo, nisamehe."

"Ngoja kwanza nikune pua," Chepkirui akasema. "Imeniwasha tangu asubuhi."

Ndipo sauti nyembamba ikatoka kitandani.

"Hellen... nani amemwaga mursik yangu?"

Hellen akaketi sakafuni papo hapo, magoti yakasahau kuuma, akacheka huku machozi yakimtiririka. Konstebo, kiatu kikinuka, akacheka pia.