Mlango wa Kijani

Rafiki yangu, fundi saa mstaafu, si mtu wa kuzusha, ndiyo maana haya nayasimulia. Alikuwa na reli ndogo ya mfano mezani, yenye stesheni na nyumba za kadibodi. Nyumba yao wenyewe, yeye na mkewe, aliijenga mwisho, na mlango akauchora tu kwa rangi ya kijani.

"Sasa mume wangu, mimi nitaingilia wapi?" mkewe alimtania, akionyesha kisanamu chake kilichobandikwa kwa gundi pale stesheni.

"Nitakukatia mlango kesho."

Kesho ikazaa kesho, hadi mke akazikwa.

Juzi jioni fundi alitoka kwenda kununua bawaba ndogo za mlango ule. Aliporudi, umeme ulikuwa umekatika. Akiwa anapapasa ukuta gizani, alisikia kitu kikigonga mezani, taratibu, kama ukucha juu ya karatasi.

"Mke wangu?" akaita.

Kugonga kukakoma. Akawasha kibiriti.

Pale stesheni zilibaki alama mbili tu za gundi. Kisanamu kilikuwa kimesimama mbele ya nyumba. Rangi ya mlango ilikuwa imekwanguliwa kwenye kimo cha mkono wa kisanamu hicho, na vidole vyake vilikuwa vya kijani.