Likizo Saba za Longinus

Kabati la chuma la ofisi ya kampuni lilikuwa wazi, na leva ya kufungulia matairi imelala sakafuni mbele yake. Majalada ya wafanyakazi wote yalikuwepo isipokuwa moja: jalada la likizo la Longinus Ndayiragije, fundi wa magari.

Inspekta Hilali wa kituo cha Kasulu alichuchumaa akakitazama kitasa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka 1975. Nyuma yake Bwana Abbasi, meneja wa kampuni hiyo ya kununua kahawa, alikuwa akieleza bila kupumua. Longinus ameacha kazi mwezi uliopita. Anadai alipwe likizo za miaka saba ambazo hakwenda. Kanuni ya kampuni ni kwamba likizo ambayo ofisi imemnyima mtu hulipwa siku anapoondoka; aliyokwisha kwenda, hana dai. Na jalada lilionyesha kuwa Longinus alikwenda kila mwaka, na nauli akachukua.

"Ofisa Kazi anakuja Alhamisi kulikagua," alisema Abbasi. "Nani mwingine angetaka lipotee? Hata leva ni ya kwake."

Saa nne Longinus alikamatwa shambani kwake akipalilia maharage. Hakubisha. Alinawa mikono akamfuata konstebo.

Kituoni walimchukua alama za vidole, kisha Hilali akamkalisha.

"Ulikwenda likizo?"

"Hata siku moja, afande."

"Uliomba?"

"Kila mwaka. Sijui kusoma, kwa hiyo karani Benedicto aliniandikia. Kila mwaka akaniletea jibu kwamba meneja amekataa, magari ni mengi. Akaniambia nivumilie, siku zinalimbikizwa, nitalipwa zote nikiondoka."

"Meneja mwenyewe hukumwuliza?"

"Nimwulize nini? Benedicto ni mugenzi wangu, rafiki wa kufa na kuzikana. Tulitoka Gwarama pamoja kwa miguu kutafuta kazi. Ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu."

Kisha, akiutazama ukuta, alieleza habari za mwaka 1971. Mama yake aliugua huko Gwarama, naye akaomba likizo akamuuguze. Jibu likawa lilelile. Mama alizikwa yeye akiwa chini ya lori, anafunga gia.

Mchana Benedicto alileta chakula, ugali wa muhogo na maharage, akamsihi askari wa zamu kwamba rafiki yake si mwizi. Kesho yake akaleta tena. Longinus alimwambia Hilali kuwa katika mji mzima amebaki na mtu mmoja tu.

Lakini kile kitasa kilimkaa Hilali moyoni. Mlango ulikuwa umekwaruzwa kwa leva, ila ulimi wa kitasa haukupinda. Ulikuwa umerudi ndani kama kawaida. Kabati lilifunguliwa kwa ufunguo kwanza, mikwaruzo ikaja baadaye. Funguo zilikuwa mbili, ya Abbasi na ya Benedicto. Abbasi ndiye hakutaka kulipa, na jalada lilikuwa upande wake. Angeliiba ili iweje? Basi humo ndani mlikuwa na kitu cha kumtisha mtu mwingine.

Jumanne hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, alipanda Land Rover kwenda Kibondo, yalikokuwa makao makuu ya kampuni. Nauli zote za likizo zilikuwa zikiidhinishwa huko, na hati za malipo zikihifadhiwa huko. Mhasibu, Bi Immakulata, alimtolea saba. Kila moja ilikuwa na jina la Longinus, tarehe, sababu ya likizo, na chini yake alama ya dole gumba la kulia.

Hilali alitoa kioo cha kukuzia na alama za Longinus zilizochukuliwa kituoni. Dole la Longinus lilipasuliwa na jeki miaka kumi nyuma, na kovu lake liliikata alama katikati. Alama hizi saba zilikuwa nzima. Na zote zilikuwa za mtu mmoja.

Jumatano aliwaita wenye funguo kituoni. Abbasi alibonyeza dole lake kwenye wino huku akinung'unika. Benedicto alilifuta lake kwenye suruali, akalifuta tena, ndipo akalitoa.

Hilali alizilinganisha na zile saba, akamwonya Benedicto kwamba lolote atakalosema litaandikwa, kisha akaziweka karatasi mezani.

"Dole hili ni la nani?"

Karani alijibu: "Langu."

"Jalada liko wapi?"

"Nililichoma jikoni Jumapili. Lilikuwa na nakala za hati hizi, na Ofisa Kazi angelinganisha madole."

"Kwa nini ulianza?"

"Mwaka sitini na nane nilikuwa na deni dukani. Nauli ya likizo ilikuwa inapita mikononi mwangu, na mwenyewe hajui kusoma. Hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata nikafanya tena."

"Na maombi yake?"

"Sikuyapeleka kwa meneja. Vitabuni yuko likizo, na karakanani, ambako meneja hafiki, yupo kazini. Kama angesafiri kweli, angeidai nauli, na mimi ningejulikana. Ilibidi asiende."

"Leva uliiweka wewe."

"Nilijua watamshuku."

"Halafu ukampelekea chakula."

"Alikuwa na njaa," alisema Benedicto, akainamisha kichwa.

Longinus alitolewa mahabusu, akaelezwa yote. Hakuuliza habari za fedha. Alimtazama rafiki yake, kisha akamwomba Hilali amsomee hati ya mwaka 1971.

"Siku ishirini na nane, kuanzia tarehe tano Agosti," alisoma Hilali. Akasita. "Sababu: kumuuguza mama, Gwarama."

"Alizikwa tarehe kumi na moja," alisema Longinus.

Benedicto alianza kulia. Longinus hakugeuka tena kumtazama.

Alhamisi Ofisa Kazi aliamua kwamba Longinus alinyimwa likizo bila ya yeye kujua nani amemnyima, na kampuni imlipe miaka yote saba. Abbasi alikubali. Longinus alipokea haki yake, lakini hakuondoka. Alitaka na karatasi yenye mhuri, iandikwe kwamba mwaka 1971 aliomba ruhusa na hakupewa.

"Ya nini, mzee?" aliuliza Ofisa Kazi. "Si umekwisha kulipwa?"

"Ndugu zangu wa Gwarama hawasemi nami tangu msiba ule," alisema Longinus. "Nataka mtu awasomee."