Mistari ya Nyota

Duka lile halipo tena. Siku hizi pale wanauza miwani, na kioo cha mbele kinang'aa hata unajiona ukipita. Lakini Kalamu akipita barabara ile bado hupunguza mwendo, na pua yake hunusa wino na karatasi za moto zilizotoka kwenye mashine sasa hivi, utadhani miaka kumi na miwili haikupita.

Wakati huo lilikuwa duka la chapa la shangazi yake. Jumatatu asubuhi foleni ilifika hadi barazani: wenye vyeti vya kutolewa nakala, wenye barua za maombi ya kazi, wenye picha za pasipoti zilizowatoa macho. Kalamu alikaa kwenye kompyuta. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu ya kalamu nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele, na kwa sababu barua iliyoingia na "tafazali" ilitoka na "tafadhali", utake usitake.

Jumatatu moja aliingia kijana akainama mlangoni, maana mlango ulikuwa mfupi na yeye hakuwa mfupi hata kidogo. Alivaa shati la bluu, mkono mmoja umepigwa pasi, mwingine umesahauliwa. Akatoa flashi mfukoni.

"Kurasa sitini, dada. Nina haraka kweli."

Mashine ikaanza kutema karatasi. Kalamu akaokota ya tatu, akaipitisha macho, akabana midomo. Akashindwa. Kicheko kikamtoka.

"Kuna nini?" kijana akauliza.

"Kaka, samahani, hiki ni kitabu cha nini?"

"Ni maelezo ya programu. Nimetengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati. Humo nimeeleza jinsi ya kuitumia."

"Umeandika hapa: 'Nesi atamfuta mgonjwa hadi chumba cha daktari.'"

"Ndiyo. Sasa shida iko wapi?"

"Atamfuta kwa kitambaa au kwa sabuni?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana akachukua karatasi, akaisoma mara mbili, masikio yakamwiva.

"Atamfuata," akasema taratibu. "Nilitaka kuandika atamfuata."

"Najua. Na hapa 'hifazi' ni hifadhi, na hapa 'zahabati' sijui ni zahanati au ni duka la dhahabu. Simamisha mashine, Shangazi! Huyu harudi kwa madaktari na aibu hii."

"Nimesema nina haraka, dada."

"Haraka yako ndiyo imekuandikia hivi. Kaa hapo, Mrefu."

Akakaa. Tangu siku hiyo hakuwa na jina jingine pale dukani.

Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, kila mara na kurasa chache tu, kurasa ambazo mtu mwenye haraka angezileta kwa mkupuo. Shangazi, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa wa kwanza kuliona jambo.

"Huyu Mrefu anakosea makusudi," akasema. "Jana ameandika 'daktali'. Mtu mzima na akili zake!"

"Shangazi, bwana!"

"Mimi nasema tu ninachokiona."

Baada ya mwezi Mrefu akaleta kazi nyingine. Safari hii haikuwa kitabu cha manesi, ilikuwa programu yenyewe, mistari maelfu kwa maelfu. Akavuta kiti karibu na Kalamu, magoti yake yakagonga meza.

"Ona. Katikati ya maagizo ya kompyuta huwa tunaandika maelezo, ili fundi mwingine akija aelewe tulifanya nini na kwa nini. Mstari wa maelezo unaanza na nyota. Mashine ikiona nyota inaruka, haisomi. Ni maneno ya binadamu kwa binadamu."

"Na umeyaandika kwa mkono uleule wa 'daktali'?"

"Uleule. Kila kosa unaloliona, lirekebishe. Usiniulize hata mara moja. Nakuamini."

Basi Kalamu akawa anapokea mafaili kwa barua pepe, anasahihisha, anarudisha. Siku moja akiwa anateremka taratibu kwenye mistari, akakuta mstari wa nyota usiohusu wagonjwa wala dawa: *Kalamu, ukifika hapa pumzika. Umekula?*

Akatazama huku na huku kama mtu aliyeokota barua ya mwenzake. Kisha akaandika chini yake: *Nimekula. Na wewe acha kupiga porojo kazini.*

Faili liliporudi lilikuwa na mstari mwingine: *Leo ulivaa ile blauzi ya njano. Nimekosea kuhesabu wagonjwa mara tatu.*

Simu nazo zikaanza. Saa saba mchana, duka likipoa kidogo, simu ya Kalamu ilitetemeka mezani na Shangazi akajifanya kiziwi.

"Kalamu wangu."

"Abee, Mrefu wa watu."

"Wa watu gani? Mimi ni wa mtu mmoja."

"Ana bahati. Umpe pole kwa kupanda kiti kila akitaka kukusemesha."

"Nitainama mimi. Kwake nitainama hadi shingo ikatike."

Kalamu akakata simu haraka, maana alikuwa anatabasamu na mteja amesimama mbele yake na cheti cha kifo mkononi.

Siku ya kuonyesha programu ilipofika, Mrefu alimsihi aje. "Nusu ya kazi hii ni yako, mpenzi. Nataka wakuone." Kalamu akavaa gauni la zambarau lililomkaa vizuri kiunoni na viatu vya kisigino kifupi. Alfajiri ya siku hiyo alikuwa amemaliza faili la mwisho, akamtumia. Mrefu akaliingiza hivyo hivyo, hakulijaribu. Alikuwa anatafuta soksi.

Chumba cha kusubiria cha zahanati kilijaa. Daktari mkuu alikuwepo, manesi walikuwepo, na Matroni, mkuu wa manesi, mama mwenye sauti ya kuamrisha, alikaa mbele mikono kifuani. Mrefu akawasha kompyuta. Akaandika jina la mgonjwa wa mfano, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kioo kikawa cheupe. Akarudia. Cheupe. Akazima, akawasha, jasho likamtoka, akafungua mistari na kuishusha mbele ya watu wote, hadi akaliona.

Programu nzima ilikuwa na neno moja alilolikosea tangu mwanzo, "hifazi", na kompyuta ililijua hivyohivyo, kama jina la mtu. Kalamu alikuwa ameliona mahali pamoja, kwenye mstari usio na nyota, akalinyoosha likawa "hifadhi". Kompyuta ikaitafuta hifadhi, haikuiona.

"Umegusa maagizo?" Mrefu akageuka. "Nani alikwambia uguse maagizo?"

"Wewe ulisema kila kosa..."

"Kujua kuandika barua si kujua kazi hii!" Sauti ilimtoka kubwa. Kisha akawageukia madaktari. "Samahani wakuu. Ni huyu binti wa duka la chapa, ameharibu."

Kalamu aliokota mkoba wake sakafuni, akapita kati ya viti, visigino vikigonga sakafu ya saruji, ko, ko, ko, hadi nje. Hakulia mpaka alipofika dukani. Hapo alilia hadi Shangazi akafunga mlango adhuhuri, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Simu ya Mrefu ikaita mara kumi na nne. Ya kumi na tano haikuingia, kwani Kalamu alikuwa amemfungia.

Ikapita miezi kumi na mmoja. Kalamu alisahihisha barua za watu, akatoa nakala, akanenepa kidogo, akakonda tena. Kalamu nyekundu ilikaa kwenye droo. Ikawa "tafazali" inaingia na inatoka hivyohivyo, na wateja wa zamani wakaulizana kuna nini.

Ndipo Matroni akaja dukani na bunda la fomu za kunakili. Alimtazama Kalamu, akavua miwani.

"Wewe si yule binti wa siku ile? Ulimsamehe yule kijana?"

"Hakuniomba, mama."

"Hakukuomba? Kesho yake alirudi zahanati, akatuomba tukusanyike walewale. Akasema kosa ni lake. Alikuruhusu uguse kila kitu, hakukuonyesha pa kuacha, na faili hakulijaribu. Akasema ameidhulumu nafsi ya mtu mbele za watu kwa sababu ya kuona aibu. Daktari akamwambia, mbona unatuambia sisi? Akasema simu yako haipatikani, na dukani kwenu amefukuzwa."

Kalamu akageuka polepole. Shangazi alikuwa ghafla ana kazi kubwa sana ya kupanga karatasi.

"Shangazi. Alikuja hapa?"

"Mara tatu," Shangazi akakohoa. "Kila mara ulikuwa umekwenda sokoni. Nilikuwa nimekuona unavyolia, mwanangu. Nikamwambia umeposwa."

"Umemwambiaje?"

"Na kwamba mchumba wako ni mwanajeshi."

Kalamu alitoka barazani na simu. Akamfungulia Mrefu, akampigia. Ikaita mara moja tu.

"Hongera, bi harusi," sauti ikasema, ya chini, iliyochoka.

"Bi harusi wa nani?"

"Wa mwanajeshi."

"Mwanajeshi huyo ametungwa na Shangazi, hata cheo hajampa."

Upande wa pili kiti kikaanguka. Mtu alikuwa ameshasimama.

"Kalamu, uko wapi?"

"Unapajua."

Mrefu alifika foleni ikiwa imefika barazani. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. Hakumwita pembeni. Alisimama katikati ya watu wenye vyeti na picha zao.

"Nilikudhalilisha mbele za watu," akasema, "naomba radhi mbele za watu. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza. Nilijua saa ileile niliyokuwa nasema, nikasema tu."

"Shusha sauti, Mrefu."

"Sishushi. Siku ile sikuishusha. Nataka kukuoa. Ukikataa nitaelewa, lakini usikatae kwa maneno ya yule mpumbavu wa siku ile."

Mzee mmoja mwenye hati ya kiwanja akasema, "Mjibu, binti, sisi hatuna haraka."

Kalamu akajifuta macho kwa kiganja.

"Nimekubali," akasema. "Lakini leo niache nimalize hasira zangu. Zimebaki kidogo."

"Zitaisha saa ngapi?"

"Njoo saa kumi."

Mrefu alifika saa tisa. Alimkuta Kalamu ameshazima kompyuta, amevaa viatu vya kutokea, amekaa ngazini anamsubiri.