Sahani Nyeupe ya Bi Zuleha

Sahani haikuwepo. Kabati la kioo limefungwa, kioo kizima, na ndani kimebaki kiegemeo chake tu.

Inspekta Imakulata alikuwa mapumzikoni. Shoga yake Shadya, fundi cherehani wa Ngamiani, ndiye aliyemvuta hadi kwenye maonyesho haya ya vyombo vya kale vya Kichina, wakaone vitu vizuri angalau mara moja. Sasa ona. Polisi hata akipumzika, kazi inamfuata hukohuko.

Robert, msimamizi wa maonyesho, alikuwa anatweta. Sahani ile ni ya karne na karne, alisema, na aliyeiiba ataozea jela. Funguo wanazo wawili tu: yeye na mlinzi wake, Msafiri.

Imakulata alikagua kufuli. Halikuvunjwa. Akamwita Msafiri, akaja na macho mekundu ya kukosa usingizi.

Shadya akamvuta inspekta pembeni. "Mwangalie vidole. Ile ni zafarani. Na ananukia marashi ya waridi. Huyo ametoka kwenye kombe."

Imakulata, Mkatoliki wa Lushoto, hakujua habari za kombe. Shadya akamweleza: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Imakulata akashukuru moyoni kwamba hakuja peke yake.

"Nani anaumwa kwako?"

Msafiri akavitazama vidole vyake. "Mke wangu, afande. Uchungu umemshika tangu jana. Yuko hospitali."

"Sahani iko wapi?"

"Kwenye mkoba wangu. Nilitaka kuirudisha asubuhi, nikakuta watu wameshajaa."

"Sahani nyeupe zimejaa Tanga nzima. Kwa nini hii?"

Machozi yakamtoka. "Ilikuwa ya bibi yangu, Bi Zuleha wa Tongoni. Aliwapa watu wa makumbusho mwenyewe. Kwetu, mwanamke akishikwa na uchungu, kombe lake liliandikwa humo. Mimi nimezaliwa hivyo. Niliogopa mke wangu atanifia, afande. Ningeomba wangenikatalia, nikaiba."

Mkoba ukafunguliwa. Sahani ilikuwa nzima, imeviringishwa kwenye kanga. Robert aliipokea, hasira zote zikamwishia.

Simu ya Msafiri ikaita. Imakulata akamruhusu kupokea. Akasikiliza, kisha akakaa chini sakafuni.

"Wamemfanyia upasuaji. Mtoto wa kike. Wazima wote wawili."

Akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru Shadya, hata Robert. Halafu akainuka, akamnyooshea inspekta mikono.

"Alhamdulillahi. Nifunge, afande. Leo sina ninachodai."