Unga wa Mchele Ndani ya Kidonge

Kila alasiri akitoka shule, Shulan alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akageuza nepi zilizoanikwa juu ya jiko la makaa. Majira ya baridi katika mji wao wa Leshan hayana jua la kukausha nguo. Baada ya hapo alimpelekea mama yake bakuli la mayai yaliyopikwa kwa tangawizi na sukari guru, pamoja na vidonge viwili. Mama alikuwa katika mwezi wa uzazi, ambao kwa mila yao mzazi hatoki nje wala hapigwi na baridi, kwa hiyo madirisha yalifungwa na kichwa chake kilifungwa kitambaa.

"Mama, dawa yako."

Mama alimeza bila kugeuka. Mtoto mchanga alilia kando yake, naye akaendelea kuutazama ukuta.

Vidonge hivyo vilitoka kwa Bibi, mama yake baba. Siku ya kujifungua Bibi aliomba kondo la nyuma hospitalini, akarudi nalo nyumbani. Alilisafisha, akalipika kwa mvuke na tangawizi, akalikausha na kulisaga hadi likawa unga wa kahawia. Baba alikuwa mbali kiwandani, basi kazi ya kujaza unga kwenye kapsuli tupu akapewa Shulan.

"Taratibu, mjukuu wangu," Bibi alimwambia. "Hiyo ni nguvu ya mama yako inamrudia. Hata chembe isipotee."

Maskini Shulan, mkono wa mtoto hauna breki. Bibi alipokwenda sokoni kununua miguu ya nguruwe ya supu, kiwiko kiligonga bakuli, na nusu ya unga ikamwagikia kwenye beseni la nepi. Aliiogopa fimbo ya Bibi. Kisha akafungua kopo la unga wa mchele uliokaangwa, akachanganya hadi bakuli likajaa tena. Rangi ilipauka kidogo, lakini Bibi, mwenye macho hafifu, hakugundua.

Tangu hapo Shulan hakuwa na raha, maana mama alizidi kudhoofika. Alikuwa hali, halali hata mtoto akilala, na machozi yalimtoka bila sababu. Siku moja jirani yao Qiao, nesi wa zahanati, alikuja kumtazama. Alitoka chumbani uso umemshuka.

"Mama, mkweo anaumwa," alimwambia Bibi jikoni. "Mpelekeni hospitali."

"Atoke nje na baridi hii, mwezi haujaisha? Unataka mifupa imuume hadi uzeeni?" Bibi alimkazia macho. "Na watu waseme mke wa mwanangu karukwa na akili? Wewe Qiao umesoma mpaka umesahau ulikozaliwa. Dawa yake haijaisha. Ikiisha atainuka."

"Na asipoinuka, mama?"

"Atainuka tu."

Shulan alikuwa akiosha vyombo, akasikia yote. Dawa gani, naye ndiye aliyeiharibu? Mama akifa, alijiambia, nitakuwa nimemuua mimi.

Jioni ile mama alimshika mkono. "Shulan, utamtunza mdogo wako? Angepata mama mwingine, angekuwa na bahati."

Shulan alikimbilia jikoni. "Bibi, nipige tu, lakini nisikilize. Dawa niliimwaga. Vidonge nimejaza mchele."

Bibi aliweka kisu chini. Alifungua kidonge kimoja, akaulamba unga wake, akatambua ladha ya mchele. Aliketi kwenye kigoda. Shulan akamweleza pia maneno ya mama, yote kama yalivyosemwa. Hapo Bibi akasimama.

"Kamwite Qiao. Mwambie atutafutie gari."

"Na mwezi haujaisha, Bibi?"

"Nenda, mtoto wewe. Mimi nimekaa hapa nangoja mchele umponye mtu."

Walimfunika mama kwa mablanketi, wakamfikisha hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa huzuni unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, na kwamba una tiba.

"Nisingemwaga ule unga, angepona?" Shulan aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Hakuna ushahidi kwamba unga ule unatibu ugonjwa huu, na wakati mwingine huwa na vijidudu. Wewe hujamdhuru. Ila mngemleta mapema, asingeteseka hivi."

Mama alilazwa. Nafuu ilikuja polepole, leo mbele, kesho nyuma. Hatimaye siku moja alimaliza uji wake, akaomba apewe mtoto ambebe. Shulan na Bibi walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Bado utanipiga, Bibi?"

"Nikupige wewe, na mimi anipige nani?" Bibi alifuta macho kwa mkono wa koti. "Wewe ulificha kwa kuogopa fimbo. Mimi niliambiwa, nikaziba masikio kwa kuogopa midomo ya watu. Aliyeumia ni yeye mle ndani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukikosea, mjukuu wangu, sema siku hiyohiyo. Na mtu akiumwa, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo."

Kisha akajiinua, akaingia wodini kumwomba mkwewe radhi.